Milioni 4.5 mkononi: kisa cha straika tuliyemsajili na golikipa tuliyempoteza

Kisa hiki kinatoka katika klabu moja ya Ligi Kuu Tanzania Bara yenye makao yake Dar es Salaam. Mimi ndiye niliyekuwa naandaa mikataba ya wachezaji, hivyo vikao ninavyovisimulia nilikuwemo. Jina la klabu, msimu na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu nimeviondoa. Tarakimu za fedha nimezisogeza kidogo bila kuharibu uwiano wake, na hesabu za kodi nimezipiga upya kwa viwango vya PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, vya Tanzania Bara ili anayehusika na usajili kwenye klabu yake aweze kuzirudia mwenyewe.

Usuli

Ligi Kuu ina timu 16 na kila timu hucheza mechi 30. Mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja, na zinazoshika nafasi ya 13 na 14 zinaingia kwenye mechi za mchujo. Klabu yetu ilikuwa imenusurika msimu uliotangulia kwa tofauti ya pointi chache. Haina wanachama wengi wala uwanja wake. Mazoezi tulikuwa tunakodi, na mechi za nyumbani tulicheza kwenye viwanja vya wenzetu.

Fedha zilikuja kwa njia tatu. Ya kwanza ni mgawo wa haki za matangazo na udhamini wa ligi. Tangu Azam Media waingie mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 mwaka 2021, mgawo huo ndio umekuwa uti wa mgongo wa klabu ndogo. Ya pili ni mdhamini wa jezi, aliyetakiwa kulipa kwa awamu mbili. Ya tatu ni mfuko wa mwenyekiti. Viingilio sivihesabu, kwa sababu klabu ya aina yetu huona mapato ya getini siku inapocheza na Simba au Yanga, siku nyingine unashukuru kama umelipa gharama za mchezo.

Mhasibu alipanga kwamba gharama yote ya mishahara ya wachezaji, pamoja na makato ya upande wa mwajiri, isizidi milioni 60 kwa mwezi. Wachezaji waliobaki na mikataba walikuwa wanakula milioni 53, kwa hiyo nafasi ya kusajili ilikuwa milioni 7 kwa mwezi.

Mezani

Kikao cha usajili kilifanyika Julai, kwenye hoteli moja ya Sinza, na kilichukua karibu saa sita. Tulikuwa watano: mwenyekiti, katibu mkuu, kocha mkuu, mhasibu na mimi.

Mwenyekiti alikuja na jina moja. Alikuwa straika Mtanzania aliyewahi kuchezea mojawapo ya timu za Kariakoo, yaani Simba au Yanga, na mkataba wake ulikuwa umeisha. Wakala wake alitaka milioni 6 mkononi kila mwezi na milioni 40 za kusaini. Hoja za mwenyekiti hazikuwa za kijinga, na ninazirudia hapa kwa heshima. Msimu uliopita tulifunga mabao machache kuliko karibu kila timu. Mdhamini alikuwa ameuliza waziwazi kama kuna jina tunaloweza kuweka kwenye mabango. Tena mchezaji aliyepitia presha ya Kariakoo haogopi kucheza kwenye viwanja vya mikoani kama Kaitaba wala Sokoine.

Kocha hakumtaka. Hakusema straika ni mbovu. Alisema, "Mwenyekiti, sisi mpira hatufiki mbele. Tunaupoteza katikati. Nipe kiungo mkabaji na beki wa kushoto, mabao atafunga hata huyu kijana tuliye naye." Alikuwa na daftari lake, na alitusomea dakika za mabao tuliyofungwa, moja baada ya jingine, karibu yote yakianzia upande uleule.

Mabishano yalipanda hadi katibu akaomba tupumzike kwa ajili ya magharibi. Tuliporudi, watu walikuwa wamelegea, na tukafikia mwafaka ambao siku ile ulionekana wa busara. Straika aje kwa milioni 4.5 mkononi badala ya 6, milioni 30 za kusaini kwa awamu mbili, na bonasi kwa kila bao. Kiungo mkabaji aje kwa mkopo, klabu yake ilipe nusu ya mshahara na sisi nusu, milioni 3 kwa gharama yetu. Beki wa kushoto tusisajili, apandishwe kijana wa timu ya vijana.

Mhasibu akajumlisha: 53, jumlisha 4.5, jumlisha 3. Ikaja milioni 60.5. Kikao kikakubali kwamba nusu milioni si kitu. Tukapeana mikono tukijipongeza kwamba wakala tumemshusha.

Neno "mkononi"

Hapa ndipo kosa la kwanza lilipofanyika, na lilikuwa kosa la hesabu kabla ya kuwa kosa la watu.

Mhasibu aliandika 4.5 kana kwamba ni gharama ya klabu. Lakini wakala alisema mkononi, na kwenye mkataba nikaandika mkononi. Ukimwahidi mchezaji fedha safi, kodi na makato yote yanakuwa mzigo wako. Hesabu inakwenda hivi. Mchezaji anakatwa asilimia 10 ya mshahara ghafi, yaani kabla ya makato, kwenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Kinachobaki kinatozwa PAYE, na kwa kipato kinachozidi milioni moja kodi ni shilingi 128,000 pamoja na asilimia 30 ya ziada yote. Ili mtu apate 4,500,000 safi, mshahara ghafi unatakiwa uwe takribani 6,870,000. Mwajiri naye anaongeza asilimia 10 ya NSSF, kama 687,000, na nusu asilimia ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Jumla inafika karibu milioni 7.6, na hapo sijagusa tozo ya ufundi stadi. Ile milioni 6 aliyoomba mwanzo ingetugharimu zaidi ya milioni 10.2.

Kwa hiyo mzigo wetu halisi ulikuwa milioni 63.6, wala si 60.5. Nililiona hilo nikiwa naandaa mkataba, siku mbili baada ya kikao. Nilimpigia mwenyekiti. Akanijibu, "Hiyo tofauti niachie mimi, nitaijaza kila mwezi." Nikaridhika. Sikurudisha suala kwenye kikao, na ahadi ile haikuandikwa popote. Kocha hakujua kwamba uamuzi aliokubali kwa shingo upande ulifanywa juu ya tarakimu isiyo sahihi. Kama ningemwambia, nina hakika angeomba kikao kirudiwe, na angekuwa na haki.

Septemba: swali la nahodha

Mishahara ya wachezaji huitwa siri, lakini vijana wanaolala chumba kimoja kambini na kupanda basi moja kutoka Dar hadi Mbeya, zaidi ya kilomita 800, hawana siri. Katikati ya Septemba picha ya ukurasa mmoja wa mkataba wa straika ilikuwa inazunguka kwenye simu zao.

Nahodha alikuja ofisini. Ni mtu mtaratibu, aliyekuwa na klabu tangu ikiwa daraja la chini. Mshahara wake ulikuwa 2,200,000, na ndio ulikuwa mkubwa kuliko wote kabla ya straika kuja. Hakupiga kelele. Alisema, "Kaka, mimi sina shida na riziki ya mtu. Nataka tu kujua mimi nimepimwa kwa kipimo gani."

Nilitaka kumwambia kwamba straika analipwa mara mbili yake tu, na kwamba soko la washambuliaji ndivyo lilivyo. Nikakumbuka kwamba mkataba wa nahodha uliandikwa kwa mshahara ghafi. Ukitoa NSSF na kodi, alikuwa anapokea 1,558,000. Kwenye karatasi pengo lilikuwa mara mbili, mfukoni lilikuwa karibu mara tatu. Klabu ilikuwa na lugha mbili za mishahara: wenye wakala waliandikiwa mkononi, wasio na wakala waliandikiwa ghafi. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Kila mkataba ulijadiliwa peke yake, na aliyejua kuomba alipata.

Sikuwa na jibu la swali lake kwa sababu kipimo hakikuwepo. Nilimwambia nitalifikisha kwa uongozi, nikalifikisha, likaahirishwa hadi dirisha dogo, kipindi cha usajili cha katikati ya msimu.

Desemba: milioni 31 na nani alipwe kwanza

Awamu ya pili ya mdhamini ilitakiwa kuingia Oktoba. Haikuingia. Mwenyekiti alijaza tofauti yake kwa miezi miwili, kisha biashara zake zikambana akaacha. Mwanzoni mwa Desemba mishahara ya Oktoba na Novemba ilikuwa haijalipwa.

Tarehe 3 wakala wa straika alileta barua. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, kifungu cha 14bis kilichoongezwa mwaka 2018, zinasema kwamba klabu isipolipa angalau mishahara ya miezi miwili kwa wakati wake bila sababu halali, mchezaji anaweza kuipa notisi ya maandishi ya siku 15 alipwe deni lake lote, zikiisha bila malipo ana haki ya kuvunja mkataba. Mchezaji na klabu wakiwa wa nchi moja shauri huishia kwenye shirikisho la nyumbani, TFF, ila mikataba yetu yote ilikuwa imenakili masharti hayohayo. Niliyanakili mwenyewe.

Tarehe 10 mgawo wa matangazo ukaingia, milioni 31. Tulikaa kikao cha saa moja, nacho ndicho kilichotugharimu msimu. Milioni 12 zilikwenda kwa wachezaji watatu wa kigeni, kwa hofu ya FIFA. Mchezaji wa nje akishinda shauri na klabu isilipe, klabu inafungiwa kusajili, na tumeona klabu za hapa nyumbani zikipata adhabu hiyo. Milioni 9 zikalipa deni la straika. Milioni 10 zilizobaki zikaenda kwenye safari mbili za mikoani, mafuta, hoteli na chakula. Wachezaji wengine wa Kitanzania hawakupata kitu. Makato ya TRA na NSSF ya miezi hiyo nayo yakabaki deni.

Kwa maneno mengine, tulimlipa aliyekuwa na mtu wa kumsemea.

Kesho yake asubuhi wachezaji tisa walifika mazoezini, wakakaa pembeni na viatu vyao mkononi. Hawakutukana mtu. Kocha aliwatazama kwa muda, akaenda kukaa nao. Tulipoteza mechi tatu mfululizo.

Tarehe 20 ikaja barua ya pili, kutoka kwa golikipa namba moja. Huyu hakuwa na wakala. Barua aliandikiwa na shemeji yake, na ilikuwa imenyooka kuliko ya wakala. Mshahara wake ghafi ulikuwa laki tisa. Baada ya NSSF na kodi alipokea 729,500 kwa mwezi, hivyo deni lake la miezi miwili lilikuwa 1,459,000. Siku 15 ziliisha tarehe 4 Januari. Mwenyekiti alikuwa safarini, mhasibu alisema akaunti haina kitu, na kila mmoja wetu alidhani mwenzake ataazima mahali. Dirisha dogo lilikuwa wazi. Ndani ya wiki moja golikipa alisaini timu nyingine, akiwa mchezaji huru.

Awamu ya mdhamini iliingia Februari.

Tulichobadilisha Januari

Kikao cha Januari kilikuwa kifupi na cha huzuni, lakini ndicho pekee kilichofanya kazi kwa mpangilio. Nahodha aliitwa ndani, jambo ambalo halijawahi kufanyika.

Tulikubaliana kila mkataba uandikwe tarakimu tatu sambamba: mshahara ghafi, kinachofika mkononi, na gharama kamili ya klabu. Tulitengeneza madaraja manne ya mishahara yenye kiwango cha chini na cha juu, na mchezaji akielezwa yuko daraja gani na kwa nini. Fedha zikipungua, kila mtu alipwe asilimia ileile siku ileile, kuanzia straika hadi kijana aliyepandishwa jana. Na ahadi yoyote ya mwenyekiti ihesabiwe kuwa mapato pale tu fedha za miezi mitatu zinapokuwa zimeshawekwa kwenye akaunti. Hili la mwisho lilibishaniwa zaidi, kwa sababu mwenyekiti aliliona kama kutoaminiwa. Katibu alimwambia kwa upole kwamba anaaminiwa, ila mwezi hauna subira.

Nahodha alipandishwa hadi 1,900,000 mkononi. Straika aliombwa sehemu ya mshahara wake igeuzwe kuwa bonasi, akakataa. Alikuwa na haki ya kukataa, na tulimwacha.

Matokeo

Timu ilimaliza kwenye eneo la mchujo ikabaki Ligi Kuu. Straika alifunga mabao manane, na mawili kati yake yalituletea pointi ambazo bila hizo tungeshuka moja kwa moja. Kiungo wa mkopo alicheza karibu kila mechi. Kijana wa beki ya kushoto aliyumba miezi miwili, kisha akatulia, na leo ndiye chaguo la kwanza. Golini tulimweka kipa wa akiba mwenye umri wa miaka 19, ambaye katika mechi zake tano za kwanza alifungwa mabao 11. Sioni kosa lake. Hakuandaliwa kwa kazi ile.

Golikipa aliyeondoka tulimlipa deni lake Machi. Alikuja mwenyewe ofisini na bodaboda, akasaini vocha, akauliza hali ya yule kijana.

Uchambuzi

Nimesikia kisa hiki kikisimuliwa mjini kama hadithi ya klabu ndogo iliyojitia ukubwa kwa kusajili jina. Sikubaliani. Straika kwa milioni 7.6 ndani ya bajeti ya 60 ni asilimia 13 hivi, na mshambuliaji wa mabao manane kwa timu inayopigania kubaki anaweza kustahili hiyo. Kilichokosekana ni kikao kuijua 7.6. Kocha alipoteza hoja yake mbele ya 4.5, na kwa tofauti ile ya milioni 3 kwa mwezi beki wa kushoto aliyemtaka angepatikana. Tulibishana saa sita juu ya nani anastahili nini bila kuwa na bei mezani.

Mwaka 2021 watu walishangaa hapa Dar, vijiweni na kwenye redio, Barcelona ilipomwachia Messi aondoke kwa sababu mishahara yake haikuingia ndani ya ukomo wa La Liga. Kwetu hakuna ukomo wa mishahara wa namna hiyo. Kinachotuzuia ni bajeti tuliyojiandikia wenyewe, na bajeti hiyo ilivunjwa kwa simu moja kati yangu na mwenyekiti.

Uamuzi wa Desemba ndio ninaourudia zaidi kichwani. Siku ile tulijiambia kwamba hatuna njia, lakini tulikuwa nayo. Ukitoa milioni 10 za safari, zilibaki 21. Deni la wachezaji wote kwa fedha ya mkononi lilikuwa kama milioni 80. Tungegawa sawasawa, kila mtu angepata karibu robo ya deni lake, yaani nusu ya mshahara wa mwezi mmoja. Inaonekana ndogo, lakini angalia kifungu: notisi inahitaji deni la angalau miezi miwili. Kwa nusu mshahara, kila ambaye hakuwa ameandika barua angeshuka hadi mwezi mmoja na nusu, golikipa akiwemo. Tungenunua muda hadi mshahara wa Desemba uive. Straika ni kweli tungemhatarisha, kwa sababu notisi yake ilishaanza kuhesabu na malipo ya sehemu yasingeizima. Lakini wakala wake alikuwa mtu wa kuongea naye, na mteja wake hakuwa na timu nyingine iliyokuwa tayari kumlipa kiasi kile. Golikipa ndiye aliyekuwa na soko. Tulimlinda mchezaji asiyekuwa na pa kwenda, tukamwacha wazi aliyekuwa napo.

Kuhusu wageni, ninaona tulikuwa sahihi kuogopa na tulikosea kipimo cha hofu. Walikuwa hawajaandika barua yoyote. Nao wangepokea robo yao kama wenzao, na chumba cha kubadilishia nguo kisingegawanyika kwa pasipoti.

Kilichofanya kazi ni kile kilichosemwa wazi. Mkopo wa kiungo ulikwenda vizuri kwa sababu mgawanyo wa mshahara uliandikwa hadi tarehe. Asilimia sawa kwa wote ilitumika mara mbili baada ya Januari, Machi na Aprili, ambapo tulilipa asilimia 60 na kumalizia wiki tatu baadaye. Hakuna aliyekaa pembeni na viatu. Nahodha ndiye aliyewatangazia wenzake, akiwa na karatasi yenye tarakimu, na maswali aliyajibu yeye.

Madaraja bado yana tatizo ambalo hatujalimaliza. Kwenye jedwali la kwanza washambuliaji waliwekwa daraja la juu na makipa la tatu, kwa sababu ndivyo soko linavyolipa. Kocha alikataa kusaini jedwali hilo hadi kipa wa kwanza apandishwe daraja la pili. Mwenyekiti anasema daraja la pili kwa kipa ni gharama ya kudumu iliyotokana na uchungu wa msimu mmoja. Msimu huu kipa yuko daraja la pili, na suala liko kwenye ajenda ya Juni.